Fremu za shairi la jina: kioo na mbao safi, maneno dhaifu

Ukiingia duka la zawadi au la uchapaji, au ukipitia kurasa za wauzaji mtandaoni, utaikuta bidhaa hii: fremu yenye jina la mtu lililosimamishwa wima, herufi juu ya herufi, na kila herufi ikianzisha neno au mstari wa kumsifu. Hununuliwa kwa harusi, mahafali, mwalimu anayestaafu, mtoto aliyezaliwa. Wengi huiita shairi la jina. Kwenye fasihi huitwa akrostiki. Tathmini hii inaipima katika njia tatu inavyopatikana: maandishi yaliyo tayari dukani, tungo la kuagiza kwa malenga, na tungo la programu za akili mnemba. Tumeongeza pia chati za kukumbushia masomo, maana huuzwa na watu haohao na zimejengwa kwa kanuni ileile.

Tuseme mapema: fremu za dukani kwa kawaida ni nzuri kama fremu. Kioo safi, mbao imekatwa sawa, rangi zinapendeza. Kinachoangusha bidhaa ni maneno, na yanaangusha kwa sababu moja inayorekebishika: yameigwa kutoka Kiingereza, lugha inayohesabu herufi, yakaletwa katika lugha ambayo masikio yake yanahesabu silabi.

Chukua jina Asha. Maandishi ya kawaida ya dukani huwa ya namna hii:

A – Anapendeza
S – Sana
H – Hodari
A – Anajali

Hapo S haina kazi yake yenyewe. Imekuwa mkia wa A. H imepata sifa, na A ya mwisho imepata kitenzi. Hakuna kinachounganisha manne hayo ila jina lenyewe. Mnunuzi akiona haya huwa anadhani mwandishi kafanya haraka. Kweli, lakini tatizo liko ndani zaidi. Kiingereza kina mamia ya sifa zinazoanza kwa kila herufi, kwa hiyo jina lolote hupata sifa zake. Kiswahili hakiko hivyo. Sifa za mtu hubeba kiambishi cha ngeli: mpole, mkarimu, mwema, mcheshi, mvumilivu, mnyenyekevu. Zote ni M. Mwandishi akishamaliza M anabaki na sifa zisizobeba kiambishi, na hizo ni chache: adimu, bora, hodari, imara, jasiri, makini, nadhifu, shupavu, stadi. Ukitafuta sifa ya mtu inayoanza na E, U au O utahangaika. Ndiyo maana jina Neema, lenye E mbili katikati, hutoka vibaya kwenye karibu kila kiolezo cha dukani.

Akrostiki haitafsiriki, na wauzaji wengi hawajalizingatia hilo. Zaburi ya 119 ni ushahidi mkubwa wa jambo hili. Kwa Kiebrania ina mafungu 22, moja kwa kila herufi ya alfabeti yao, na kila fungu lina aya 8 zinazoanza kwa herufi hiyohiyo. Ndipo zinapopatikana aya 176. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anapata maana yote ya zaburi hiyo, lakini ule mpangilio wa herufi mwanzoni mwa aya haupo, kwa kuwa hauwezi kuvuka. Basi muuzaji akikuambia maandishi yake “yametafsiriwa kutoka kiolezo cha nje”, jua kwamba kilichofika ni sifa tupu, na umbo lake limebaki huko lilikotoka.

Pwani yetu haikuhitaji kuazima. Katika karne ya 19 Sayyid Umar bin Amin al-Ahdal wa Siyu, kisiwani Pate, alitunga Dura Mandhuma, ambayo beti zake zinafuata mpangilio wa herufi za Kiarabu. Hilo ni tungo lililofikiriwa kwa Kiswahili tangu neno la kwanza, lenye mizani (hesabu ya silabi), na herufi zake ni uzi unaopita ndani ya shanga. Kipimo chetu kwa fremu yoyote kinatoka hapo: funika herufi za mwanzo kwa kidole, soma kwa sauti. Kama bado ni shairi, bidhaa inafaa. Kama yamebaki maneno yaliyotawanyika, umeuziwa mbao na kioo.

Hivi ndivyo Asha anavyoweza kuandikwa kwa tarbia ya kawaida (ubeti wa mistari minne), mizani nane kwa nane:

Alikuja na furaha, nyumba ikachangamka,
Sauti yake ya raha, mwenye huzuni hucheka,
Hapendi lenye karaha, wala neno la dhihaka,
Apewe siha na jaha, umri wenye baraka.

Tazama herufi zinavyopatikana. A ya kwanza na ya mwisho ni vitenzi vya nafsi ya tatu, na H ni ukanushi wa nafsi hiyohiyo. Hapa ndipo utajiri wa Kiswahili ulipo: vitenzi. A na H ni za yeye, N ni ya mimi, U ni ya wewe, T ni ya sisi, W ni ya wao. Mwandishi anayeacha kutafuta sifa na kuanza kutafuta kitenzi hupata mistari yenye watu wanaofanya jambo. U, ambayo kwenye orodha ya sifa ni jangwa, ghafla inakuwa rahisi kuliko zote: unang'ara, umelea, ulisimama, na bado kuna majina ya dhahania kama utu, upendo, ukarimu, uzima. E hupata ewe, elimu, enzi, endapo. O hupata vitenzi vya kuamrisha: ona, omba, ongoza, onyesha. R ina rehema, riziki, roho, rafiki.

Herufi ngumu kweli ni tatu. C peke yake haipo katika Kiswahili, kwa hiyo Catherine au Clara huanzishwa kwa ch: chozi, chanda, chema, chimbuko. Hilo linakubalika, mradi mpokeaji akiona “Ch” ya rangi moja asidhani ni kosa. Mchapaji apake rangi C tu. Q na X hazina neno. Kwa Felix au Alex njia safi ni kutumia jina kwa tahajia ya Kiswahili, Feliksi au Aleksi, kwa ridhaa ya mwenye jina. Kuandika “Xtra” au neno lingine la kigeni kwenye mstari wa mwisho ni kuharibu kazi yote mahali msomaji anapomalizia.

Sasa twende kwenye jambo ambalo maduka karibu yote yanalikosa.

Jina kama Mwanaidi lina herufi nane. Kwa herufi utahitaji mistari minane, yenye A mbili, I mbili, D katikati ya I hizo, na N iliyofungwa kati ya A. Mistari minane kwenye karatasi ya A4 inabana, na mwandishi anachoka kufika wa sita. Lakini hakuna Mswahili anayelisikia jina hilo kama herufi nane. Tunalisikia Mwa-na-i-di, silabi nne. Lipe silabi nne, linakaa ndani ya ubeti mmoja wa tarbia bila kusukumwa:

Mwanga umeleta ndani, giza likaondolewa,
Nasi tuna shukurani, kwa tunu tuliyopewa,
Imara yako imani, haivunjwi na ukiwa,
Dira yetu maishani, njia tumeonyeshewa.

Mpokeaji akisoma kushuka chini anapata jina lake kama anavyoitwa na mama yake. Njia hii pia huondoa shida ya herufi pacha. Shaaban kwa herufi huleta S na H zilizotengana, A mbili zikifuatana; kwa silabi ni Sha-a-ba-ni, na “sha” ni nzima: shangwe, shahidi, shamba, shabaha. Majina yenye ng', ny, dh na mw yote hunufaika hivyo. Ng' ikiwa peke yake kama “N” hupoteza sauti yake, lakini ng'ara na ng'aa ni maneno mazuri mno ya kuanzia mstari wa sifa.

Wajapani, ambao nao husoma kwa silabi, wamefanya hivi zaidi ya miaka elfu moja. Ariwara no Narihira (825–880) ana shairi maarufu la vipande vitano ambalo mianzo ya vipande hivyo, ka, ki, tsu, ha, ta, inataja ua liitwalo kakitsubata. Maandishi ya zama zile hayakutenga ha na ba. Ukilisoma bila kujua, ni shairi la msafiri anayemkumbuka mkewe. Ua limefichwa humo, na shairi halikuminywa hata kidogo kwa ajili yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji yeyote ni hili: mnaweza kuandika kwa silabi? Akikuangalia tu bila jibu, nunua fremu tupu na maneno uyatafute kwingine.

Hesabu ya mistari nayo iamuliwe na jina, wala isilazimishwe na kiolezo. Herufi au silabi tatu zinakaa kwenye tathlitha, nne kwenye tarbia, tano kwenye takhmisa, sita kwenye tasdisa. Neema kwa herufi ni takhmisa, kwa silabi (Ne-e-ma) ni tathlitha. Rehema kwa herufi ni mistari sita, kwa silabi ni mitatu. Jina likizidi herufi sita, tumia silabi. Mara chache sana utajuta.

Kwa harusi kuna umbo ambalo hatujaliona kwenye fremu za tayari, na ni hasara, kwa sababu shairi la Kiswahili limeandaliwa kwa ajili yake. Kila mshororo wetu una mianzo miwili, wa ukwapi (nusu ya kwanza) na wa utao (nusu ya pili). Jina la bwana harusi huingia mwanzoni mwa ukwapi, la bibi harusi mwanzoni mwa utao:

Jema leo mwalipata, asali ya maishani,
Usiku zang'ara nyota, sururi tele moyoni,
Mashaka yakiwakuta, hekima iwe nyumbani,
Apendaye hatajuta, akitunza ya ndoani.

Juma anashuka kushoto, Asha anashuka katikati. Sharti lake ni majina yenye idadi sawa. Juma na Neema yatagongana, nne kwa tano. Kwa jozi hiyo hata silabi hazisaidii, maana Neema ina tatu na Juma mbili. Kwa majina mengine dawa ni kuchanganya: Juma kwa herufi (manne), na mwenzake kwa herufi au silabi, upande wowote utakaolingana. Mwanaidi na Juma, kwa mfano, yanalingana vizuri, silabi nne kwa herufi nne. Kama mpokeaji hatumii neno sururi (furaha), badilisha liwe “salama tele moyoni”: herufi S imebaki, mizani nane imebaki, kina cha ni kimebaki. Ubeti mzuri huruhusu ukarabati wa namna hii bila kubomoka.

Kuagiza kwa malenga

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa zawadi yoyote itakayoning'inia ukutani zaidi ya mwaka. Malenga wanapatikana: wapo wanaochapisha katika kurasa za mashairi za magazeti, kama Taifa Leo la Kenya, wapo kwenye vyama vya ushairi, wapo kwenye makundi ya simu. Wengi hutunga kwa haraka kuliko unavyodhani, lakini wanahitaji vitu ambavyo wateja husahau kuvitoa.

Cha kwanza ni tahajia. Zainab au Zainabu, Mohamed au Muhammad, Aisha au Asha, Elizabeth au Elizabeti. Herufi moja ikizidi, ubeti wote huhesabika upya, kwa hiyo tahajia iandikwe na mwenye jina au mtu wa nyumbani kwake. Cha pili ni mambo manne au matano ya kweli kuhusu mtu huyo: kazi yake, anachokipenda, aliyowafanyia watu, jinsi anavyocheka. Bila hayo malenga ataandika dhahabu, lulu, asali na waridi, ambayo humfaa kila mtu na kwa hiyo hayamhusu yeyote. Cha tatu, sema kama jina lionekane kwa rangi au lifichwe. La kuficha lina raha yake kubwa, lakini mwambie mpokeaji wakati fulani, la sivyo atakufa hajui. Edgar Allan Poe, mshairi wa Marekani, alilificha jina la Frances Sargent Osgood kwa mshazari: herufi ya kwanza ya mstari wa kwanza, ya pili ya mstari wa pili, hadi ya ishirini ya mstari wa ishirini. Hilo ni la wapenda mafumbo. Kwa harusi usijaribu.

Tungo likirudi, likague kabla ya kulipa salio. Hesabu mizani kwa vidole. Nya, mwa, mba, ng'a kila moja ni mizani moja. M inayosimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabika: m-tu, u-m-ri, cha-nga-m-ka. N ya n-chi na n-ne pia. Mshororo wenye tisa upande mmoja na nane upande wa pili utausikia ukijikwaa mdomoni hata kabla hujahesabu.

Halafu fanya jaribio hili, ambalo hufichua mengi: ondoa neno la kwanza la kila mshororo. Kama maana imebaki nzima, neno hilo liliwekwa kuziba tundu. Waandishi wavivu hutatua N kwa “Na” au “Ni”, A kwa “Ama”, E kwa “Eti”, K kwa “Kwani”. Moja katika ubeti linasameheka. Matatu yanaonyesha kwamba shairi liliandikwa kwanza, herufi zikabandikwa baadaye. Angalia pia inkisari. Kufupisha “aliyekuja” kuwa “alokuja” ni haki ya mshairi tangu zamani, lakini ikitokea kila mshororo, umbo limemshinda.

Ubaya mmoja wa njia hii: malenga hodari hupenda msamiati wa kale. Siha (afya) na jaha (heshima) tuliyotumia hapo juu ni maneno matamu, ila kijana wa mahafali anaweza kuhitaji kuelezwa. Mwambie malenga umri wa mpokeaji na mahali alipokulia.

Programu za akili mnemba

Hizi ni bure au nafuu, na hujibu papo hapo. Kwa herufi za mwanzo hufanya kazi ya kuridhisha. Kwa mizani, hapana. Programu hizi husoma maandishi kama vipande vya maneno, haziyasomi herufi kwa herufi wala silabi kwa silabi, kwa hiyo mara nyingi ukiomba mizani nane kwa nane utapata saba kwa kumi, na programu itakuhakikishia kwamba ni nane. Vina vya kati husahauliwa mara kwa mara. Hupewa vina vya mwisho tu, au neno moja linajirudia mistari yote. Sifa za mtu hurudi kwenye mtindo wa Kiingereza: “Wewe ni mwanga unaoangaza katika giza la dunia”, mstari ambao hauna mizani yoyote na hauwezi kuimbwa.

Matumizi yake mazuri ni kama ghala la maneno. Omba vitenzi thelathini vinavyoanzia silabi “di”, au maneno ya mizani tatu yanayoishia “ka”, kisha chuja mwenyewe, maana hata katika orodha hizo huingiza yasiyofaa. Usiombe ubeti mzima. Omba kipande kimoja cha mizani nane, kihesabu, kirekebishe, ndipo uende cha pili. Kwa namna hiyo mtu mwenye sikio la ushairi anaweza kufika pazuri. Asiye na sikio hilo atapata karatasi iliyojaa maneno makubwa.

Uchapaji

Hapa maduka yanastahili sifa, na matatizo yake ni madogo kama ukijua cha kuomba. Mshororo wa mizani kumi na sita huwa na herufi arobaini na kitu pamoja na nafasi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiacha pambizo ya milimita 25 kila upande, zinabaki 160, ambazo hubeba mshororo huo kwa ukubwa wa nukta 16 hadi 18. Ukitaka herufi kubwa zaidi, laza karatasi au nenda A3. Wachapaji wengi huacha kompyuta ikate mshororo mrefu na kushusha neno la mwisho mstari wa chini, na hapo mianzo inavurugika: “baraka” linaonekana kama mstari mpya unaoanza na B. Kosa hili ndilo la kawaida kuliko yote kwenye fremu za kuagiza.

Kwa umbo la majina mawili, ukwapi na utao viwe safu mbili zilizopangwa sawasawa, si mstari mmoja wenye koma katikati. Bila hivyo jina la kati halionekani, kwa kuwa mianzo ya utao huangukia mahali tofauti kila mstari. Herufi ya mwanzo isizidi mara mbili ya ukubwa wa nyingine. Ikizidi, hutanua nafasi kati ya mistari na ubeti huonekana umechanika. Epuka hati (fonti) za madoido zenye mikia: I na J, au S na L, hufanana mno, na msomaji anashindwa kushuka na jina.

Leta faili la PDF lenye hati zake ndani. Faili la kuandikia likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hubadilisha hati na kuvunja mistari. Karatasi ya gramu 80 ya fotokopi hujikunja nyuma ya kioo. Omba ya gramu 200 au zaidi. Kwenye miji ya pwani yenye unyevu, karatasi iliyogusana na kioo hunata na kuacha madoa, kwa hiyo weka ukingo wa kadi unaoitenga na kioo. Ukingo wa fremu wenyewe hufunika milimita kadhaa kila upande. Herufi za jina zikisogea mno kushoto zitaliwa.

Chati za kukumbushia

Maduka haya huuza pia chati za ukutani za wanafunzi, na humo ndimo akrostiki ya Kiswahili inapofanya kazi kwa ubora wake. MAGAZIJUTO, neno la kukumbushia mfuatano wa kufanya hesabu, ni kazi ya ustadi: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Imechukua silabi, haikuchukua herufi. MGZJT isingetamkika na hakuna mtoto angeikumbuka, MAGAZIJUTO inaimbika.

Lakini chati nyingi zinaichapa bila maelezo, na hapo inafundisha kosa. Mtoto huelewa kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Mpe 18 − 6 + 2. Anayefuata neno kwa upofu hujumlisha 6 na 2, anapata 8, anatoa kwenye 18, anaandika 10. Jibu ni 14, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha hali kadhalika. Chati nzuri huandika neno hilo kwa madaraja matatu, MA juu, GA na ZI mstari mmoja, JU na TO mstari mmoja, na mshale wa kushoto kwenda kulia chini ya kila jozi. Pia neno lenyewe halina nafasi ya vipeo, ambavyo hufuata mara baada ya mabano. Mwanafunzi akifika huko mwalimu aongeze kwa kalamu.

Chati za rangi za upinde wa mvua ndizo dhaifu. Nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu, nili, zambarau: kwa herufi ni N, M, N, K, B, N, Z. N ni tatu, na mtoto hajui ipi ni ipi. Kwa silabi ni nye, ma, nja, ki, blu, ni, za, na mgongano umekwisha. Sayari zina shida hiyohiyo, Z tatu na M mbili: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Sentensi ya kuzishika inapaswa kubeba mianzo mirefu kuliko herufi moja, kwa mfano: “Zena, zunguka dukani, mikate mshikie Zola, upesi nenda!” Ze na Zu na Zo zimetengana, Mi na Msh pia. Kabla ya kununua chati yoyote ya aina hii, angalia kama herufi moja inajirudia kwenye orodha na kama mchapaji ameonyesha namna ya kuzitofautisha. Kama hakuonyesha, iache hapohapo dukani, na sentensi mtunge na mtoto mwenyewe kwa majina ya watu anaowajua. Karatasi ya manila na kalamu mbili za rangi zinatosha.